Debe Chini ya Nzaui

Wingu lilipoufunika mlima wa Nzaui alasiri ile, Halima hakushtuka. Mwaka huo wa 1951 mvua haikuwa na mchezo, na kilele kilipotea karibu kila siku. Kilichomtia hofu ni lori la kutoka Emali. Lilifika dukani kwao na magunia ya sukari, mumewe hayumo. Dereva alieleza kwamba walikwama matopeni, Abdallah akachoka kungoja, akakata mlimani kwa miguu. Alidhani wangemkuta ameshafika.

Abdallah alikuwa mtu wa Lamu. Njia ile aliwahi kuipita mara moja tu, akiwa na mwenyeji.

Halima akachukua debe tupu la mafuta ya taa, akasimama nyuma ya duka na kulipiga kwa mchi mpaka viganja vikachubuka. Mwishowe akasikia mtu akiitika huko juu. Ni yeye. Akazidi kupiga.

Jirani yake, Kavata, alikuja mbio kutoka shambani, akamshika mkono.

"Acha, mwanangu. Sikiliza hiyo sauti inatokea wapi."

Mlio ulikuwa ukigonga jabali na kurudi, kana kwamba debe linapigwa kule. Kavata akamweleza kwamba aliye juu huufuata mwangwi, na upande ule hakuna njia, ni genge tupu. Mbuzi wake waliangukia huko.

"Nikinyamaza, mama, atajuaje pa kupita?"

"Hatajua. Ataketi."

Halima akaliweka debe chini. Mumewe akaita, akaita tena, kisha kukawa kimya. Kila Halima alipounyoshea mchi mkono, Kavata aliusogeza kwa mguu. Halima aliswali bila kujua amesoma nini.

Jua likielekea kuzama, upepo ukalipasua wingu. Kavata ndiye aliyeiona kanzu nyeupe juu ya jabali: mtu ameketi, karibu kabisa na ukingo. Wanaume wa kijiji wakapanda kumshusha.

Abdallah alifika akitetemeka, kiatu kimoja hana. Alisema debe liliponyamaza alidhani wamemkatia tamaa, akaketi kwa hasira.

Halima alimmiminia chai. Walipokwisha kula, akamwambia ni nani aliyekuwa akilipiga, na kwa nini aliacha. Abdallah alivitazama viganja vya mkewe. Kisha akainuka, akaenda peku kwenye manyunyu mpaka kwa Kavata, kumshukuru.