Vumbi Kwenye Upindo

Manyoya ya Mzushi niliyatia kwenye kopo la majani ya chai, nikaliziba kwa gundi, nikaliweka rafuni kati ya vifungo na nyuzi. Kila nilipoketi kwenye cherehani lilinitazama. Wateja wakiniuliza, "Fundi, una nini humo?" nikawajibu, "Dawa." Sikuwa nadanganya sana.

Mzushi alikuwa kasuku wa mama. Mama alipofariki, mimi na mdogo wangu tuligawana kila kitu bila ugomvi, isipokuwa yeye. Kwa ajili yake tulinuniana mwezi mzima, mpaka mdogo wangu akasalimu amri. Mzushi alikuwa na sauti ya mama ya kutuitia mezani, na kikohozi chake pia. Kila asubuhi kasuku wa msituni walipopita juu ya paa aliwaita kutoka dirishani, nao wakamjibu, kisha kila mtu akashika hamsini zake.

Kilichoniponza ni huruma. Nilimwona mpweke, nikamnunulia mwenzake kwa muuza ndege wa sokoni, bwana mmoja aliyebandikwa jina la Hakiyamungu kwa kuwa hafungui kinywa bila kiapo. Ndege yule alikuwa na upara shingoni.

"Haki ya Mungu, shemeji, anabadilisha manyoya tu."

Miezi mitatu haikwisha, wote wawili walikuwa uchi kama kuku wa kuchinjwa, midomo imepinda na kumeguka. Mgeni alitangulia. Mzushi alinifia mapajani, akikohoa kikohozi cha mama.

Daktari wa mifugo aliniambia ugonjwa ule husambaa kwa vumbi la manyoya, na vumbi lenyewe hukaa miezi na miezi. Akaniagiza nichome kila kitu. Nikachoma kizimba, nikachoma kitambaa cha kukifunikia. Manyoya sikuyachoma.

Nilimwendea Hakiyamungu machozi yakinitoka. Hata kwenye kigoda hakuinuka.

"Ugonjwa wa manyoya? Haki ya Mungu, siujui hata kwa jina. Ndege hufa, shemeji. Nunua mwingine." Akacheka, huyo mwanaharamu. Angeniambia pole, moja tu, pengine lile kopo ningelifukia.

"Hasira hasara, dada," mdogo wangu alinionya.

"Hasara nimeshaipata. Iliyobaki ni hasira."

Mwaka ukageuka. Siku moja nani akasimama mlangoni pangu? Yeye mwenyewe, na uzi wa vipimo mkononi. Alitaka vifuniko ishirini vya vizimba, vya kitambaa kizito, na haraka. Sura yangu hakuikumbuka hata kidogo. Shemeji kwake ni kila mwanamke.

Nilimshonea, tena kwa ustadi. Nilifunga kitambaa puani, nikafungua kopo, na katika kila upindo nikatia vumbi na vipande vya manyoya ya Mzushi. Mishono nikaiacha wazi kidogo, ili kifuniko kikikung'utwa kiteme. Nilishona huku nikiimba. Nilitaka banda lake lote linyonyoke, asimame katikati yake, atafute kiapo cha kuliponya.

Vifuniko alivichukua Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikaenda kutazama, maana kisasi bila macho hakinogi. Uani nilikuta lori, vizimba vimepangwa ubavuni mwake, kila kimoja na kifuniko changu kimekunjwa juu yake, tayari kuteremshwa safari ikianza. Daktari wa mifugo alikuwa akikagua karatasi.

"Wanahamia wapi?" nikamuuliza.

"Kwao. Walinaswa msituni bila kibali. Nimewapima wote, wazima. Imeamriwa warudishwe leo kwenye kundi lao."

Kundi lao ni lile linalopita juu ya paa langu. Wale wale waliokuwa wakimjibu Mzushi.

Nakiri, wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nikisema, mleta ugonjwa ni mimi, na Hakiyamungu anatoka msafi na viapo vyake vyote. Nikamvuta Hakiyamungu kando.

"Nirudishie vifuniko. Nimekosea upindo."

"Ah, shemeji! Ndege hawakagui ushonaji."

Dereva akawasha gari. Hakiyamungu akashika ncha ya kifuniko cha kwanza akivute. Nikamwahi, nikakitwaa, nikatoa wembe wangu na kuupasua upindo. Vumbi jeupe likamwagika juu ya kiatu cha daktari, na unyoya mmoja wa kijivu.

"Nini hiki, fundi?"

"Ni kasuku wangu. Nimemshonea humo kwa mikono yangu mwenyewe, kwenye vyote ishirini. Usiwaachie."

Daktari alinitazama kama anayetafuta pa kuanzia. Lakini Hakiyamungu alikuwa amekwisha kuruka nyuma, kiganja puani.

"Msikung'ute! Vumbi hilo halisikii maji wala sabuni! Mwaka jana nilichoma banda zima na bado walinyonyoka!"

Daktari akainua kichwa taratibu.

"Mwaka jana lini, bwana?"

Kwa mara ya kwanza kiapo hakikumjia. Nami niliingoja furaha yangu, ile niliyoiimbia kwenye cherehani, na siwezi kusema haikuja. Ilikuja, nikiwa nimeshika kile kifuniko kilichopasuka, nisijue pa kukiweka.

Daktari akamwamuru dereva azime gari. Hapo ndipo kundi la msituni lilipopita juu ya ua likipiga kelele. Chini ya vitambaa vyangu, kizimba baada ya kizimba, kasuku wakaanza kulijibu.