Swali la Tisa

Nilikuwa nimeshavuka lango la hospitali, begi begani, mpwa wangu, muuguzi wa wodi yetu, alipoanza kunifuata.

"Mjomba, rudi. Mtihani unaanza saa nne."

"Waufanye wenyewe."

Nimeishi miji kumi na mmoja, wala sijawahi kufukuzwa na karatasi. Wodi ya wagonjwa wa akili niliitumikia miaka sita, mhudumu, nalisha, naogesha. Kisha wakubwa wakaleta amri: kila mhudumu apasi saikolojia ya mwanzo, alama ishirini na tano kati ya arobaini, la sivyo atoke wodini. Nafasi tatu tu. Mbili nilishazipoteza, zote kwa alama moja. Na kule ndani, kitanda cha dirishani, alikuwapo fundi saa mmoja ambaye hagusi chakula mpaka nikae naye mimi.

Kilichonitoa roho ni swali la tisa, lilelile kila mara. Uimarishaji hasi ni nini? Toa mfano. Mimi naandika: kumchapa mtu. Mwalimu wa chuo, msahihishaji, anapitisha kalamu nyekundu. "Hiyo ni adhabu, mzee." Basi nini tena? Nilisoma darasa hapa, darasa pale, lakini fimbo naijua.

"Mjomba, rudi. Mjomba. Unanisikia? Mjomba!" Viatu vyake ko, ko, ko nyuma yangu, tukalipita duka la dawa, tukafika kwa fundi viatu. Akainua kichwa.

"Dada, kakuibia nini huyo?"

"Kakimbia mtihani!"

"Na mvi zote hizo?"

Nikaona nitapasuka. "Wewe mtoto, nyamaza basi!"

"Ukigeuka, nanyamaza."

Nikageuka. Akanyamaza papo hapo. Masikio yakapoa.

"Jana ulifanya hivihivi," nikamwambia, "mpaka nikafungua daftari."

"Na juzi."

"Na kila ukianza, nafungua upesi zaidi, ili tu ukome."

Alinitazama kama kaona kuku anasoma gazeti. "Mjomba, si ndilo hilo swali la tisa! Unafanya jambo, kero inaondoka, kesho unalifanya tena. Wiki tatu nakufundisha!"

"Hukunifundisha. Ulinisumbua."

Tulirudi mbio, magoti yangu yakilalamika. Swali la tisa nililijibu kwa hasira, mistari sita, mpwa wangu na viatu vyake ndani. Lakini nilikuwa nimechelewa dakika ishirini. Msimamizi alinipokonya karatasi mkononi, maswali mawili ya mwisho meupe.

"Dakika moja, mama."

"Muda umekwisha, mzee."

Nilipata ishirini na nne. La tisa, alama zote.

Walinihamishia chumba cha dobi, ghorofa ya chini. Nilifua mashuka miezi miwili, nikaondoka. Mwalimu alihamia chuo kingine. Mpwa wangu sasa ndiye mkuu wa wodi. Fundi saa alikaa siku nne bila kula. Ya tano akakubali kulishwa na mhudumu mpya, binti aliyepata thelathini na nane.