Akse Iliyokataa Rulma Mpya

Kule Lac Vert, kandokando ya barabara ya Sake, kulikuwa na mashine ya kuponda mawe iliyonyamaza siku kumi na moja, na mwanamke aliyeitwa Mapendo ambaye hakunyamaza hata moja. Usimcheke. Ungekuwa wewe ndiye uliyewashawishi wenzako, nawe ungekosa usingizi na heshima kwa pamoja.

Walikuwa wanawake tisa, kila mmoja na nyundo yake na rundo lake la mawe ya volkano. Mapendo, prezida wao, aliwaimbia miaka miwili: tuache nyundo, tununue mashine. Walimkubalia siku ile kipande cha jiwe kiliporuka kikala jicho la kushoto la Uwamariya, mmoja wao. Mashine ikaja, ikatafuna mawe miezi mitano. Kisha asubuhi moja ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, ikazima. Nyundo zikatolewa tena uvunguni. Jumapili, baada ya misa, wanawake wakakata shauri: isipozunguka kufikia Ijumaa saa kumi, Balagizi, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, aichukue.

Leo ilikuwa Ijumaa, na saa saba ilishapita.

Fundi alikuwa Théogène wa Ndosho, mtu wa pikipiki, mikono mizuri, mdomo mrefu. Tangu Jumanne alikuwa ameona ugonjwa: rulma imekufa. Ndicho kile chuma cha mviringo kinachoishika akse, mti wa chuma unaozungusha nyundo za ndani ya mashine, ili uzunguke bila kujisugua. Ile ya pikipiki ina gololi. Hii ya mashine ilikuwa na vigogo vidogo vya chuma, vimesimama duara kama sigara, na nusu yake vilikuwa vimelika. Théogène aliichomoa, akasoma numero yake, akapanda pikipiki hadi dukani kwa Védaste, muuza vipuri, akarudi na mpya yenye numero ileile.

Mpya ikakataa kuingia.

Akairudisha. Védaste akampa nyingine, numero ileile. Ikakataa. Leo alikuwa ameleta ya tatu, na Mapendo alikuwa ameishika kwenye kiganja kimoja, ile nzee kwenye kingine, akizitazama kama mama aliyezaa mapacha wasiofanana.

"Inje ziko sawa," alisema. "Numero ni moja. Sasa ju ya nini tundu ya hii mupya iko kidogo?"

"Mama Prezida, hata miye sijue."

Mapendo aliivalisha akse ile nzee. Ikapita, tena ikicheza. Akajaribu mpya. Ikagonga mlangoni, ikakaa nje. Akarudia, kana kwamba chuma kingemwonea huruma.

"Akse imevimba," alisema Jeanine, ambaye ulimi wake ulifanya kazi hata nyundo yake ikipumzika. "Ilikuwa inalala bure. Mutu akilala sana anavimba uso."

"Ni Védaste," alisema Clotilde, aliyewakaangia wenzake mandazi kila siku pale pale penye mawe. "Anauzisha bongo, haiko rulma ya kweli."

Mapendo aliigeuza ile mpya apate kuitazama upande wa pili. Pete ya ndani ikateleza, ikatoka yenyewe, ikaanguka kwenye kokoto, ting! Wanawake wote wakapiga yowe.

"Yooo! Imevunjika mbele ya kufanya kazi!"

Théogène aliiokota mbio, akaipulizia, akairudisha ndani. Ikaingia bila ubishi. Ikatoka tena. Ikaingia. Alitoa jasho. Rulma za pikipiki, alizozijua kama vidole vyake, hazikuwa na tabia ya kujivua nguo mbele ya watu.

Mapendo hakuelewa tena kitu. Kilichokufa kilikuwa kizima kuliko kilichozaliwa leo. Kilichokuwa sawa hakikuwa sawa. Alitaka kumkasirikia mtu, lakini hakujua aanze na nani: fundi, Védaste, mashine, au yeye mwenyewe na nyimbo zake za miaka miwili.

Saa tisa kamili kamyoneti ya Balagizi ikaingia. Mwenyewe akashuka, kofia mkononi kama mtu aliyekuja matanga.

"Poleni, bamama."

"Saa kumi haiyafika," Mapendo alisema.

"Najua, mama. Nafunga tu munyororo, tusikawie." Akaufunga mguuni mwa mashine.

Hapo Théogène akatoa mashine yake ya kukatia vyuma. "Njia imebaki moja. Nipunguze hii akse, rulma iingie."

"Ukikosea?"

"Nikikosea, akse imekwisha."

Mapendo alisogea, akaitazama ile sehemu inayong'aa ambayo disiki ilikuwa karibu kuila. Akaitemea mate, akapangusa kwa kidole gumba. Hakufikiri, ni mazoea tu. Jiwe kavu huficha mshipa wake. Ukililowesha na kupangusa, maji hubaki ndani ya ufa, mstari mweusi unajichora, nawe unajua pa kupiga. Mponda mawe angemtemea mate hata askofu, akimwona ana ufa.

Mstari ukajichora. Mwembamba kama unywele, umezunguka akse nzima, umenyooka.

"Théogène, weka hiyo kintu chini."

"Mama Prezida, saa..."

"Hii chuma iko mbili. Moja imevaa ingine."

Théogène akainama, akapitisha ukucha. Ukucha ukakwama. Akaichukua ile pete iliyoanguka, akaiweka kando ya sehemu inayong'aa. Upana mmoja. Akaketi chini kwenye kokoto, taratibu.

"Pete ya ndani ya ile nzee," alisema. "Ilibakia huku ku akse."

Jeanine ndiye aliyeelewa kwa sauti. "Siku ine! Siku ine unalazimisha mwanaume avae suruali juu ya suruali!"

Hata Balagizi alicheka, ingawa hakupaswa.

Wakaizungushia pete nzee makaa mpaka ikalegea, Théogène akaichomoa kwa koleo. Ile mpya akaiombea sufuria.

"Mafuta ya mandazi yangu?" Clotilde alishika kifua.

"Ikipata moto inapanuka, mama. Inaingia yenyewe."

Ikakaangwa. Ikatolewa inatoa moshi, ikateleza kwenye akse kama pete ya ndoa kwenye kidole chembamba. Vingine vikafuata.

"Lakini numero ilikuwa moja?" Mapendo aliuliza, bado amekunja uso.

"Moja."

"Na Védaste hakukosea?"

"Hapana."

"Na rulma zote tatu zilikuwa nzuri?"

"Zote, Mama Prezida. Unisamehe."

Alitikisa kichwa. Angefikiria siku nyingine.

Saa kumi kasoro dakika nane moteri ikakohoa, mkanda ukakaza, akse ikazunguka bila kilio. Wote walisimama mbali, isipokuwa Uwamariya. Aligeuza kichwa ili jicho lake zima lione vizuri, akanyanyua jiwe kubwa kuliko yote, akalitupa kinywani mwa mashine. Likavunjika. Kokoto zikamwagika. Wa pili akaleta lake, wa tatu, mpaka ikawa foleni.

Mguuni, mnyororo wa Balagizi ulikuwa ukicheza dombolo.

"Bamama! Muzime kidogo, nitoe munyororo yangu!"

"Kuya kesho, papa," Jeanine alimwitikia, jiwe begani. "Saa hii iko inakula."