Mjane na Maonyesho ya Pasaka

Mwanangu Eva hajaniomba kitu tangu aanze kujilipia kodi ya nyumba. Kwa hiyo alipopiga simu Jumapili, kwa Kiingereza chake cha haraka na maneno mawili matatu ya Kiswahili, nilijua kuna jambo. Bendi yao ya jeshi ingepiga kwenye maonyesho makubwa ya Pasaka kule viwanja vya Nasrec, pembeni mwa Soweto, yale yanayofunga majira ya joto, na yeye ndiye angesimama mbele peke yake na tarumbeta. Akauliza, "Mama, utakuja?" Nikajibu nitakuja kabla sijafikiri. Nilipokata simu ndipo nikajitazama. Nilikuwa na nguo nyeusi tangu kichwani hadi miguuni.

Mume wangu Amosi tulimzika majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa mpigania uhuru aliyekimbilia kwetu Morogoro, na walipoweza kurudi kwao nikamfuata. Kwa watu wake, mjane huvaa nyeusi mwaka mzima, haendi penye ngoma wala mkusanyiko, hampi mtu mkono, kwenye teksi hukaa kiti cha nyuma, na jua lisizame yuko nje. Mimi sikujua. Kwetu msiba huisha kwa arobaini, basi siku hiyo nikapika pilau, nikavua nyeusi, nikajifunga kanga ya manjano na kuwaita ndugu zake wote. Wifi yangu Nomsa, dada mkubwa wa Amosi, alisimama mlangoni akanitazama kama amekuta mwizi jikoni. Hakuonja hata punje. Kesho yake aliniletea nguo nyeusi nyingine, nikazivaa kwa hasira.

Sasa nilitaka kwenda, basi. Jumatatu nikashuka mjini, Marshalltown, kwa Jeanne, fundi cherehani wa Bukavu, nikamwagiza gauni la bluu. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nitoke kwangu na nyeusi, nibadilishe chooni Nasrec, nimwone mwanangu, nirudi na nyeusi zangu.

Jeanne akaacha kukanyaga cherehani. "Mama Eva, robe nitakushonea, ile haiko shida. Lakini bale ba famille ya bwana yako bakikuona? Soweto muzima inaendaka kule Pasaka."

"Wakiniona, wameniona."

"Basi juu ya nini utabadilishia mu choo?"

Kwa nini, kweli? Mtu mzima na mvi zangu, napanga kujificha chooni kama msichana anayetoroka kwenda dansi! Niliona aibu, kisha nikachukia, na mimi nikichukia sikai mahali. Nilimwachia Jeanne kitambaa chake nikapanda teksi ya Orlando kwenda kwa Nomsa, kiti cha nyuma.

Nomsa alikuwa mezani akichambua maharage. Naye aliishi Morogoro miaka ile ya ukimbizini, na Kiswahili chake hakijafa. Alinionyesha kiti, sikukaa.

"Wifi, nimekuja kukuarifu, sikuja kuomba. Eva anapiga tarumbeta Nasrec Jumamosi ya Pasaka, na mimi nitakwenda. Nitavaa nyeusi zangu. Nitakaa nyuma kabisa, sitampa mtu mkono."

"Anapiga saa ngapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Usiku. Jua likishazama."

"Eish, Cecilia." Akasukuma bakuli pembeni. "Hata hilo la jua huwezi kuniachia?"

"Siwezi. Mtoto amezika baba. Asimame pale mbele, atazame watu wote wale, akose na mama? Kama mjane kutoka usiku kunaleta mkosi, unishike mimi. Nitakwenda."

Nilijiweka tayari kwa matusi. Nomsa aligeukia dirishani, akasema kwa sauti ndogo.

"Unafikiri nakuchunga kwa ajili ya mkosi? Mimi jua likizama ndiyo naona vibaya. Hiyo saa ndiyo Amosi alikuwa ananipigia simu, kila siku. Sasa nakaa hapa, simu kimya, najisemea Cecilia naye amekaa kwake, anamlilia kama mimi. Ndiyo inanisaidia kulala. Siku hiyo wewe ukiwa Nasrec, mimi nitakaa na nani?"

Miezi yote ile nilimchukia huyu mwanamke, nikidhani ananifungia ndani kwa sababu mimi ni mgeni. Wala sikuwahi kumuuliza analalaje. Nilivuta kiti nikakaa.

"Utakaa na mimi," nikamwambia. "Nitakupitia mchana. Vaa viatu vya kutembelea, toka getini hadi uwanjani ni mbali."

Alijifuta macho kwa ncha ya aproni. "Kule kwenye viti vya nyuma hakuna paa," alisema. "Mvua ikinyesha?"

"Tutalowa."