Fundi na Namba za Dada Mkasi

Vijana wanne waliingia dukani kwa fundi wa nguo mchana kweupe, marungu mkononi. Walikuwa wa kabila lake mwenyewe, lakini wapi! Tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe, walikuwa wakiwasaka watu wa kabila la Dada Mkasi nyumba kwa nyumba. Na Dada Mkasi, aliyemfundisha fundi kushona tangu hajui hata kutunga uzi, alikuwa pale pale kwenye cherehani.

Kiongozi wao, aliyevaa miwani ya jua, akauliza huyo mama ni nani. Fundi akasema ni dada yake. Miwani akamsemesha Dada Mkasi kwa lugha yao vijana, naye akajibu kwa lafudhi safi, akamtania kuwa suruali inamvuka. Miaka kumi na tisa mnashona chumba kimoja, mtaacha kuambukizana lugha? Nyumbani mashemeji walimsema fundi kuwa hana kabila wala chama, siasa zake ni za cherehani. Siku zote alicheka tu. Leo kicheko atakitoa wapi?

Miwani akalegea, akataka apimwe ashonewe nyingine. Fundi akavuta futi shingoni, akaizungusha kiunoni mwa kijana na kusoma namba kwa sauti ili Dada Mkasi aandike. Alizisoma kwa lugha ya Dada Mkasi. Masikini, ndiyo aliyofundishiwa kazi. Vipimo hakuwahi kuvisoma kwa nyingine.

Rungu likamgusa kidevu.

"Kumbe wa kabila lile ni wewe," Miwani akasema.

Fundi akajaribu kusema lugha ya mama yake, ulimi ukagoma. Kidole hakikugoma. Kilinyanyuka chenyewe, kikaelekea kwenye cherehani, alipoketi Dada Mkasi.

Dada Mkasi aliwahi kuinuka, akasimama katikati yao, akicheka. Kwa lugha ile ile ya vijana akawaambia wamwache mdogo wake, kazi alifundishwa na wale washenzi, ndiyo maana amebaki na hesabu zao. Huyu ni damu yetu, akasema, namjua tangu anazaliwa. Miwani akamtazama weee, kisha akaamini. Wakatoka.

Dada Mkasi akafunga mlango kwa komeo. Fundi alikuwa bado amesimama pale pale, machozi yakimtiririka.

"Teremsha mkono, mdogo wangu," Dada Mkasi akamwambia. "Wameshaondoka."