Keki Moja kwa Mama Mkwe

Fundi alikuwa anaizungusha keki taratibu, mkono wa kushoto ukisukuma sahani, wa kulia umeshika rula ya plastiki aliyoitoa kwenye meza ya cherehani na kuiosha kwa sabuni. Aliisimamisha rula ubavuni mwa keki ili krimu ya siagi inyooke. Haikunyooka. Kila mzunguko ulifuta mfereji mmoja na kuchimba mwingine, na chembe za keki zilishaanza kupanda juu ya ule weupe.

Kesho mama mkwe angetimiza miaka sabini. Alishasema hataki keki mbili mezani kama dukani. Ikatwe moja, na safari hii aitengeneze mkamwana. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya wifi yake Fundi, binti wa nyumba ile, na miaka yote mama mkwe aliitazama keki ya bintiye akasema, "Laini utadhani imepigwa pasi." Alilisema hilo mbele ya Fundi, ambaye kushona na kupiga pasi ndiyo kazi iliyomlishia watoto. Fundi alicheka pamoja na wengine, lakini neno lile hakulisahau.

Akaiacha rula. Akachukua kisu kipana, akakichovya kwenye jagi la maji ya moto, akakipitisha juu ya keki. Maji yakachuruzika, krimu ikalegea kama uji na kuanza kuteleza kuelekea ukingoni.

"Hodi humu," alisema wifi yake, naye ameshaingia, kabeba sinia la vikombe vya kesho. Akalitua, akaitazama keki juu hadi chini. Jicho lile lilimuudhi Fundi kuliko kicheko.

"Sema tu, wifi. Umepata la kwenda kusimulia."

"Sijasema kitu. Nani alikwambia uchovye kisu?"

Hakuna aliyemwambia. Mwaka jana alisimama nyuma ya mlango wa jiko la mama mkwe, akachungulia, akaona kisu kikizama majini na kutoka. Kisha mtu akamwita.

"Niliona mahali."

"Basi uliona nusu. Kikitoka majini kinafutwa mpaka kikauke. Unachotaka ni joto, si maji." Wifi akavuta kigoda. "Kumbe ndiyo maana ule mlango ulilia siku ile. Nikadhani paka."

"Alikuwa paka," Fundi alisema.

Wifi akacheka kidogo. "Na keki uliiacha ikapoa?"

"Niliipepea."

"Kwa nini?"

"Kwa gazeti. Cheka tu, usipasuke."

Wifi alicheka hadi akafuta macho. Kisha akakunja mikono ya gauni lake. "Kwangua hiyo yote. Paka krimu nyembamba ya kushika chembe, hata ikiwa mbaya, halafu ilale kwenye friji. Asubuhi ikiwa ngumu, ndipo upake ile ya kuonekana. Lete nikumalizie, sasa hivi tu."

Fundi aliitazama mikono ile. Kwa muda mfupi ingefanya alichoshindwa yeye tangu mchana, na kesho mama mkwe angetupa jicho moja tu akajua ni ya nani.

"Usiiguse."

Wifi aliirudisha mikono mapajani. "Vikombe vingeweza kuja kesho," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kuona kama umeharibu. Mama hajawahi kumwomba mtu mwingine."

Fundi alikuwa anaifikiria ile krimu nyembamba, kama ni mtego. Lakini hata nguo hupigwa bandi kwanza, uzi wa kushikiza tu, kabla ya mshono wa kuonekana. Maneno yale yalikuwa ya kweli, hata kama yametoka kinywani mwa wifi.

Akaikwangua keki, akapaka upya. Ilitoka na mabaka, chembe zikionekana kila upande. Akatoa chupa za maji kwenye friji, akaiingiza.

"Asubuhi njoo," alisema. "Ila kisu hushiki."

"Nitaikalia mikono."

"Na kwa mama husemi."

"Hilo sikuahidi, wifi," alisema, akianza kupanga vikombe.

Fundi akalifunika bakuli la krimu iliyobaki kwa sahani, akafunga mlango wa friji.