Ng'ombe wa Katikati

Mwenyekiti Gervais alikuwa ameshika spana tayari, nami roho mkononi.

Wiki nzima rada yangu ya kugundua tembo ilikuwa imetuaibisha. Upepo ukitikisa mahindi ya mama, king'ora kinalia. Kijiji kizima cha Litapunga kinakimbia na madebe, tembo hakuna. Mkutano ukaamua: kikikosea tena, nguzo ya rada inang'olewa. Mama yangu, Donatille, aligeuka kutazama mahindi yake. Shamba lake ndilo la mwisho kabla ya pori, na alikuwa hajavuna hata gunzi.

Nikarekebisha. Badala ya kizingiti kimoja cha kudumu, yaani kiwango cha mtikisiko kinacholiza king'ora, kila kipande cha ukingo wa pori sasa kilipimwa kwa wastani wa vipande majirani zake. Mahindi yakitikisika yote, kizingiti kinapanda nayo. Anayewazidi majirani ndiye anayeliza king'ora. Jana upepo ulivuma kama umetumwa, king'ora kimya! Niliruka mpaka kandambili ikakatika.

Leo mchana mzee Manyanda akaleta ng'ombe wake kula mabua ya shamba la jirani. Tembo akatokea nyuma yao, akala mistari miwili ya mama kabla hatujamfukuza. King'ora kimya vilevile. Ndipo spana ikaja.

"Ng'ombe zako wamepandisha wastani!" nilimfokea Manyanda. "Tembo kajificha humohumo!"

"Usinipigie kelele, binti. Mimi nikitaka kujua kama kundi limeshiba, siangalii fahali wala ndama. Fahali atanidanganya. Naangalia wa katikati."

Wa katikati! Nilitaka kumkumbatia.

"Mwenyekiti, dakika tano tu!"

"Jeannine, umetuchezea vya kutosha," alisema, akalegeza nati ya kwanza.

Nikafungua kompyuta, nikafuta wastani. Nikaamuru majirani wapangwe kutoka mdogo hadi mkubwa, kizingiti kimfuate wa katikati. Ng'ombe wabaki huko mwisho wa mstari na ukubwa wao. Nikakosea mara mbili.

King'ora kikalia.

Hakuna aliyenyanyuka. Ng'ombe walikuwa wanatafuna, mahindi yametulia. Gervais akashika nati ya pili. "Mnaona? Uongo uleule."

Mama ndiye aliyechukua debe. Alikimbia peke yake akiligonga, na kabla hajafika nusu ya shamba, sikio moja kubwa likachomoza juu ya mahindi, likageuka, likarudi porini.

Nilipiga kigelegele huku nalia. Gervais akaiachia nati ya pili. Aliirudia nati ya kwanza, akaanza kuikaza.